Usaili wa Haki, Chumba cha Pili

Ipo nchi moja, na jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga bali kwa adabu, maana wenye nchi hawapendi kutajwa kabla hawajajiandaa. Nchi hiyo ina bendera, ina wimbo wa taifa, ina mvua za kutosha, na ina wizara nyingi kuliko barabara. Kati ya wizara hizo, inayopendwa kuliko zote ni Wizara ya Haki Sawa kwa Waomba Kazi. Wananchi wanaipenda sana. Waliagizwa.

Zamani, kabla wizara hiyo haijaanzishwa, mtu akitafuta kazi aliitwa ofisini, akakaa kwenye kiti, wakubwa wakamtazama usoni na kumuuliza anachojua. Utaratibu huo ulikuwa wa kikatili. Wakubwa waligundua kwamba mtu akikaa mbele yao wanamwona, wakimwona wanamtambua, na wakimtambua anakuwa binamu yao. Wakaona haya. Ikatungwa sheria kwamba kuonana ana kwa ana ni rushwa ya macho, na tangu hapo usaili wote nchini ukafanywa kwa video. Msailiwa akae kwake na simu yake, jopo likae kwake na kioo chake, na katikati uwepo mtandao, ambao hauna ndugu.

Haki ikaenea mpaka vichochoroni. Alama zilitolewa kwa majibu, lakini kwa kuwa majibu ya watu hufanana, alama nyingi zaidi zilitolewa kwa vitu vinavyoonekana: mwanga usoni, utulivu wa picha, na hali ya ukuta ulio nyuma ya msailiwa. Wizara ilieleza kwamba mwenye ukuta mzuri ana maisha mazuri, mwenye maisha mazuri ana mpangilio, na serikali inahitaji watu wenye mpangilio. Mwenye ukuta wa udongo hakubaguliwa hata kidogo. Alipewa sifuri ile ile waliyopewa wenzake wote wenye ukuta wa udongo.

*

Sasa katika wilaya ya Mtajulishwa, iliyo mbali na kila kitu isipokuwa jua, alikuwapo mwanamke anayeitwa Siwema, mtunza stoo ya dawa wa hospitali ya wilaya. Alikuwa na stashahada ya famasia, mume mmoja, watoto wawili, na mdomo usiozunguka. Mume naye alikuwa msailiwa. Alisailiwa kwa video mtoto wao wa kwanza akiwa bado anatambaa, akaambiwa asubiri kupigiwa, na mpaka mtoto yule anaingia darasa la tano baba mtu hakuwa amethubutu kuzima simu wala kusogea mbali na mti wenye mtandao. Nyumba nzima ilikula kwa mkono wa Siwema.

Na Siwema mwenyewe alikuwa wa muda. Mkataba wake ulipokwisha uliongezwa muda, na muda huo ulipokwisha ukaongezwa mwingine, hata ikawa yeye ndiye mtu wa muda aliyekaa hospitalini muda mrefu kuliko wa kudumu wote. Kisha wizara ikatangaza nafasi ya mtunza stoo wa kudumu. Tangazo lilisema wazi kwamba aliyepo anaruhusiwa kuomba kama mgeni mwingine yeyote, na kwamba akishindwa atakabidhi funguo siku hiyo hiyo na kuondoka kabla chai ya alasiri haijanywewa.

"Yaani nisailiwe kwa kazi ninayoifanya," alimwambia Sista Yusta, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi.

Sista Yusta alimwambia ashukuru. Yeye aliposailiwa ukunga, swali lilikuwa kutaja rangi za bendera.

"Ukazitaja?"

"Nikazitaja vizuri tu. Mtandao ukakata kwenye kijani. Ndiyo maana mshahara wangu ni wa daraja la chini mpaka leo."

Siwema hakucheka. Alikuwa anahesabu kichwani ada, unga na kodi ya nyumba, na kila alipofika mwisho alikuta hakuna mahali pa kukosea.

*

Wenye busara wilayani walimshauri aende kwa Mama Shangwe. Mama huyo alikuwa muuza vitumbua, lakini tangu haki ianze alibadili kazi akawa mkodisha ukuta. Alikuwa na sebule moja iliyopakwa rangi ya maziwa, yenye kochi la ngozi ya kuigiza, ua la plastiki, na kabati la vitabu lililochorwa ukutani na fundi wa mabango kwa ustadi mkubwa, hata kuna mteja aliyewahi kujaribu kuvuta kitabu. Nje ya mlango palikuwa na foleni ya vijana waliovaa shati, tai na koti juu, na kaptula au kikoi chini, maana sheria haikugusa sehemu za chini.

Mama Shangwe alimweleza Siwema kwamba ana ukuta wa uhasibu, ukuta wa ualimu na ukuta wa uongozi. Wa uongozi ndio ghali, una picha ya mkubwa wa nchi. Kwa afya bado, ila anaweza kumtundikia mchoro wa moyo.

"Na nikiulizwa kuhusu dawa, ukuta utanisaidia?" Siwema aliuliza.

"Mwanangu, tangu nianze biashara hii sijasikia mtu akiulizwa kuhusu kazi."

Bei yenyewe ilikuwa ya kumtoa mtu machozi, lakini si bei iliyomrudisha Siwema. Stoo ya dawa ilikuwa na funguo za mtu mmoja, na wodi ya wazazi ilikuwa imejaa. Akitoka yeye, dawa zote zinakuwa zimefungiwa. Akaamua atasailiwa hapo hapo stoo, kazini, katikati ya maboksi. Aliazima shuka jeupe wodini akalipigilia nyuma ya kiti chake, akasogeza taa, akaegemeza simu kwenye kopo la glovu. Shuka lilikuwa na muhuri mkubwa wa hospitali pembeni na doa lisilotoka. Alilikunja upande wa doa.

*

Asubuhi ya usaili yaliingia magari matatu meupe. Hapa ni lazima ielezwe Sheria ya Kumsogelea Mwananchi, ambayo ndiyo fahari ya nchi hiyo. Sheria hiyo inalitaka jopo la usaili lisikae makao makuu likimpigia mwananchi kutoka mbali kama mtu mwenye dharau. Jopo linatakiwa lisafiri, lilale hotelini, lilipwe posho ya safari na ya vumbi, lifike kabisa wilayani kwa mwananchi, kisha lijifungie chumbani na kumpigia kwa video.

Jopo la Mtajulishwa lilipewa ofisi ya matroni. Mwenyekiti wake alikuwa Kaimu Katibu Mkuu mwenyewe, Bwana Lukindo, mtu mpana aliyesema polepole ili wanaoandika wamfikie. Katibu alikuwa Bibi Asteria, aliyekuwa anaandika. Wa tatu alikuwa Chande, fundi mitambo, aliyefunga runinga kubwa mezani na ambaye, kwa mujibu wa kanuni, hakuruhusiwa kusema neno mpaka aulizwe.

Ofisi ya matroni na stoo ya dawa vilikuwa chumba kimoja hapo zamani. Baadaye uongozi ulihitaji vyumba viwili, pesa ya matofali ikapotea njiani, vikatenganishwa kwa karatasi ya mbao nyembamba iliyopakwa rangi ya kijani. Siwema alisikia viti vikivutwa upande wa pili akafikiri ni wageni wa matroni. Hakujua zaidi ya hapo.

Simu yake iliita. Kabla hajasikia chochote simuni, alisikia mtu akikohoa nyuma ya mbao. Kisha kikohozi kile kile kikatoka simuni, kimechelewa kidogo, kimekauka.

"Msailiwa," ilisema mbao. "Msailiwa," ikasema simu. Bwana Lukindo alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye bega lake la kulia, na sauti yake ilikuwa imekwenda mpaka mnara wa mjini na kurudi. "Serikali inakusalimu. Serikali haikujui, haikuoni, na haina haja ya kukujua. Kwa hiyo kuwa na amani kabisa."

Siwema alishukuru. Akaambiwa kanuni. Asikohoe bila kuomba. Asitazame pembeni. Na zaidi ya yote, asitoke kwenye fremu ya picha, kwa kuwa kutoka kwenye fremu ni kujiuzulu kazi ambayo bado hajapewa, na atakuwa ameitia serikali hasara.

Bibi Asteria alisoma maelezo ya ukuta. Alisema nyuma ya msailiwa pameonekana weupe usio na maendeleo. Mwenzake aliyetangulia, kijana wa makao makuu, alikuwa na kabati lenye milango ya kioo, jopo lilisimama kumtolea heshima. Kwa bahati mbaya mtu alipita nyuma yake na beseni la nguo, akapoteza alama za utulivu. Kwa hiyo ushindani bado uko wazi. Siwema alikaza mgongo. Uko wazi, alijiambia. Shika hapo hapo.

Swali la kwanza lilikuwa ajieleze. Akajieleza kwa ufupi: stoo ameikuta na panya, sasa haina, dawa zilizokuwa zinaharibika, sasa haziharibiki, jokofu la chanjo halijawahi kuzimika mikononi mwake.

Akasikia minong'ono upande wa pili, kwanza kwa mbao, halafu kwa simu.

"Msailiwa," alisema Bwana Lukindo, na sauti ilikuwa imeota ukali. "Kuna mtu anakujibia."

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Niko peke yangu."

"Kila unachosema, kimesemwa kwanza na mwanamke mwingine, upande wa ukutani. Tunamsikia wazi. Na tuseme ukweli, huyo mwanamke ana sauti ya kujiamini kuliko wewe."

Bibi Asteria aliunga mkono. Alisema majibu ya wa ukutani ni yale yale ila yanawahi, na kama kanuni zingeruhusu angependekeza huyo naye atumiwe kiunganishi cha video asailiwe. Udanganyifu katika usaili ulikuwa na adhabu yake nchini humo: jina la mtu lilifungiwa, na jina likishafungiwa hata jiko la shule halimpi kazi.

"Mheshimiwa, ni mimi," alisema. "Nipo chumba cha pili. Kati yetu kuna mbao tu. Nikigonga utasikia." Akagonga.

Kugonga kukasikika. Bwana Lukindo akasema kwa upole wa kutisha kwamba hilo haliwezekani. Jopo limesafiri mbali sana kumfikia, posho imetolewa ya mbali, kwa hiyo msailiwa yuko mbali. Umbali wake ni wa kisheria. Akaonywa kwa mara ya mwisho amnyamazishe yule mwanamke wa ukutani.

Ikabidi Siwema ajibu kwa kunong'ona, mdomo ukiwa karibu na simu, ili sauti yake isijitangulie.

*

Swali la pili lilikuwa akisikia neno dawa anapata picha gani ya taifa. Alikuwa anatafuta pa kuanzia dirisha la kutolea dawa lilipogongwa kwa kiganja kizima.

"Dada Siwema." Alikuwa Sista Yusta, amevaa glovu, mikono imelowa mpaka viwiko. "Mama amejifungua sasa hivi, damu haikatiki. Sindano ya kuzuia damu, upesi. Iliyokuwa wodini nimeshampa."

Sindano ile ilikaa kwenye jokofu, jokofu lilikuwa nyuma ya shuka, na shuka lilikuwa nyuma ya kiti. Siwema alitazama simu. Kwenye kioo alijiona mdogo pembeni, na juu yake aliliona jopo likisubiri picha yake ya taifa. Aliona ada, unga, kodi. Alimwona mume wake chini ya mti wenye mtandao. Alifungua mdomo kuomba dakika moja tu, na akajua kabla hajatamka kwamba dakika haiombwi.

Akainuka.

Alifungua jokofu, akachukua sindano, akampa Sista Yusta dirishani, akamwongezea na dripu, akamwambia akihitaji nyingine asisimame kugonga, aite akiwa njiani. Yusta alishatoka mbio. Siwema alirudi kitini, akijua amejiuzulu.

Simu ilikuwa inazungusha kiduara. Mtandao ulikuwa umekata, na kwa jinsi ilivyoonyesha, ulikata pale alipofungua mdomo. Akaisikiliza mbao.

Nyuma ya mbao palikuwa na utulivu wa watu walioridhika.

"Tazama," Bwana Lukindo alikuwa anasema. "Amefikiri muda mrefu, hajatikisika. Hapepesi hata macho."

Bibi Asteria alisema hajawahi kuona utulivu wa picha wa namna hiyo. Wasailiwa wengine huchezacheza, hujikuna. Huyu ameulizwa swali zito la taifa na amelibeba lote usoni, mdomo umefunguka kidogo tu, kama mtu mwenye jibu ambaye hataki kulitumia vibaya. Waliuliza swali la tatu, picha ikanyamaza. Wakasifu. Wakauliza kama ana swali lolote kwa jopo, na aliponyamaza wakasema hiyo ndiyo nidhamu inayotakiwa kwenye utumishi. Siwema, sikio limegandamana na rangi ya kijani, alisikia kalamu ikiandika, na alisikia Bwana Lukindo akisafisha koo.

"Kwa mamlaka niliyokaimishwa, nafasi ya mtunza stoo ya dawa wa kudumu ni yako. Hongera, dada. Unaanza sasa hivi."

Siwema alikaa chini juu ya boksi la pamba. Hakupiga vigelegele. Alikaa tu, viganja juu ya magoti, kama mtu aliyeshusha mzigo mzito na bado haamini mabega yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, aliinuka, akafunga stoo, akazunguka korido kwenda kuchukua barua yake.

*

Alibisha, akaingia. Jopo lilishtuka vibaya sana. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu lione mwananchi mwenye miguu. Bwana Lukindo alishika rimoti, akamwelekezea Siwema, akabonyeza mara mbili kupunguza sauti yake.

Siwema alisema ametoka chumba cha pili, amesikia matokeo, anashukuru, na anaomba barua.

"Wewe ni nani?" aliuliza Bwana Lukindo.

"Ni Siwema. Mmenipa kazi sasa hivi."

Wote watatu waligeuka kuitazama runinga. Pale alikuwapo Siwema mwingine, ameganda, kilemba kimeinama upande, mdomo umefunguka kidogo, nyuma yake weupe usio na maendeleo. Wakamgeukia huyu aliyesimama. Huyu alikuwa anapumua, jasho linamtoka, na gauni lake lilikuwa na tone la damu begani. Bibi Asteria alisema hawafanani hata kidogo. Aliyesailiwa ni mtulivu, huyu anaongea. Aliyesailiwa ana alama, huyu hana hata moja.

"Huyo ameganda tu," Siwema alisema. "Mtandao umekata. Muulizeni fundi."

Bwana Lukindo hakumuuliza fundi. Chande aliinamia nyaya zake.

"Mama," alinong'ona, midomo haichezi, "mimi nilijua tangu mwanzo."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Na mimi ni wa muda."

Bwana Lukindo alisimama. Alisema anaelewa uchungu wa aliyeshindwa, lakini sheria haina uso. Nafasi imepewa aliyeonekana, na aliyeonekana ni yule. Yeye aliyeingia kwa mlango ni mtunza stoo wa muda ambaye muda wake umekwisha, na tangazo lilisema atakabidhi funguo siku hiyo hiyo. Kwa hiyo azikabidhi. Akaonyesha kwa kiganja meza iliyo mbele ya runinga.

Siwema alitazama funguo mkononi. Alitaka kusema mengi na aliona kwamba kila neno lake linahesabiwa kuwa la mtu mwingine. Aliziweka mezani. Bwana Lukindo alizisogeza taratibu mpaka zikagusa kioo, akainama kidogo, akamwambia yule wa kwenye runinga kwamba serikali inamwamini.

Hapo ndipo sauti ya Sista Yusta iliposikika kutoka mwisho wa korido, anaita akiwa njiani kama alivyoambiwa. Nyingine. Dripu na nyingine. Damu imepungua lakini haijakata.

Siwema alinyoosha mkono kwenye funguo.

"Usiguse mali ya mtumishi wa umma," alisema Bwana Lukindo, na safari hii hakusema polepole. "Kuna mwajiriwa. Ombeni kwa mwajiriwa."

Sista Yusta alifika mlangoni, akawaona, akaona runinga. Alikuwa mtumishi wa siku nyingi, hakupoteza muda kuuliza. Aliielekea picha akaiambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto kwamba kuna mama wa watu chumba cha tatu, mtoto wake yupo salama, lakini yeye anaondoka, kwa hiyo tafadhali afungue stoo. Picha ikafikiri. Bibi Asteria akaandika kwamba mwajiriwa anatafakari ombi. Bwana Lukindo akasema asiharakishwe, ni siku yake ya kwanza.

Siwema aliitazama sura yake mwenyewe ikiwa imekaa juu ya funguo. Ile sura ilikuwa imemshinda kwa kila kitu: ilikuwa na kazi ya kudumu, ilikuwa na heshima, na haikuwa na haraka. Alipita kati ya Bwana Lukindo na meza, akafuata waya mpaka ukutani, akaung'oa.

Runinga ilizimika.

Chande alitazama dari. Mwishowe Bibi Asteria, ambaye hakuwa na mahali pa kuandika jambo kama hilo isipokuwa sehemu moja, alisema kwa sauti ndogo, "Amefariki akiwa kazini."

Kwa kifo cha mtumishi wa umma nchi hiyo ina utaratibu, nao haupindishwi. Mkubwa aliyepo hutangaza dakika moja ya ukimya, na ndani ya dakika hiyo hakuna kusema, kusogea wala kuinua macho. Wapo walioachishwa kazi kwa kupiga chafya. Bwana Lukindo alivua miwani, akatangaza. Jopo lote likainamisha vichwa.

Siwema akachukua funguo.

Alikimbia, na Yusta nyuma yake. Alifungua mlango, akafungua jokofu, akatoa sindano, akabeba dripu mwenyewe mpaka chumba cha tatu, akaining'iniza, akashika mkono wa yule mama wakati Yusta akifanya kazi. Mama alikuwa msichana tu, midomo imepauka, anauliza kama mtoto wake ana nywele. Siwema akamwambia anazo, nyingi. Walikaa hivyo. Yusta aliangalia, akaangalia tena, kisha akavuta pumzi ndefu na kuketi sakafuni na glovu zake.

"Imekata," alisema.

*

Siwema aliporudi alikuta jopo linamsubiri kwenye korido, limevaa vitambaa vyeusi mkononi vilivyokatwa kwenye pazia la matroni. Alikuwa tayari kwa polisi. Bwana Lukindo alimpa mkono wa pole.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Ni mimi mwenyewe," alisema Siwema.

Bwana Lukindo alitikisa kichwa kwa huruma. Alimwambia Bibi Asteria kwamba msiba ukiwa mpya watu husema hivyo. Kisha akaeleza hali ya kisheria. Nafasi imebaki wazi kwa kifo, na stoo haiwezi kukaa bila mtu. Usaili mpya utafanyika matanga yakiisha, bajeti ikiruhusu. Mpaka hapo nafasi inatakiwa ipate kaimu, na kwa bahati nzuri kukaimu hakusailiwi; anachukuliwa aliye karibu. Yeye mwenyewe alichukuliwa hivyo, alikuwa amepita ofisini kuuliza choo kilipo. Waziri ni kaimu. Aliye juu ya waziri pia ni kaimu, ingawa hilo si la kusemwa korido.

"Kaimu wa nani?" aliuliza Siwema.

"Wa marehemu Siwema."

"Mshahara?"

"Ule ule wa muda. Ila utaitwa Kaimu."

Siwema aliwatazama mmoja mmoja. Aliuliza ni lini kaimu amewahi kuondolewa katika nchi hii. Walitazamana, wakafikiri kwa dhati, na hakuna aliyekumbuka.

"Niandikieni," alisema. "Sasa hivi, hapa, na muhuri. Sitaki kupigiwa."

Wakaandika. Magari matatu meupe yakaondoka taratibu, taa zimewashwa mchana kama inavyofanywa kwa msiba.

Baada ya matanga wizara ilituma picha kubwa yenye fremu na utepe mweusi, ikatundikwa stoo juu ya jokofu kwa amri. Ni Siwema, kilemba kimeinama, mdomo umefunguka kidogo. Chini pameandikwa kwamba alikuwa mtumishi wa mfano. Wauguzi walizoea. Wageni ndio husimama na kuitazama, kisha wakamtazama aliye dirishani, kisha wakaamua si kazi yao.

Dereva mgeni wa gari la dawa ndiye pekee aliyeuliza. Alikuwa ameegemea mlango akisubiri kusainiwa mzigo.

"Huyo nani, mama?"

"Mwenye kazi."

"Na wewe?"

"Mimi namshikia," alisema Siwema, akasaini, akamrudishia kalamu. Kisha akamwambia asogeze gari upande wa kivuli, dripu zinapata jua.